Nameza Changu, Nameza na cha Marehemu

Dada mshauri, usinicheke, nimekosa pa kulisemea hili. Mimi ni fundi viatu, nina presha, na marehemu mke wangu alikuwa na ugonjwa wa moyo uliowahi kumlaza hospitali, akaandikiwa kidonge kidogo cha aspirini kila asubuhi, naye akimeza chake ananiwekea na mimi kimoja kiganjani, ananiambia, “Meza baba, tuzeeke wote, sitaki kuzeeka peke yangu kama mwehu,” tunacheka, tunakunywa chai, natoka kwenda kibandani. Sasa ameniacha, lakini vidonge naendelea kununua, na kila asubuhi nameza changu halafu nameza na chake, maana nikimeza kimoja naona kama nimemnyima, na dakika ile ndiyo pekee nyumba haiwi kimya. Tatizo, siku hizi sindano ikinichoma damu haikatiki, juzi nimechafua kiatu cheupe cha bibi harusi, tumbo linaungua, choo kimekuwa cheusi tii, dawa ya presha nimeiacha ili tumbo lipumzike, na binti yangu akiniuliza namjibu ni uzee tu. Namtamani mama watoto, dada. Nikiacha vidonge, nitabaki na nini?

Fundi viatu, mgane

Pole sana, fundi. Barua yako imenitoa machozi, halafu imenipandisha hasira.

Choo cheusi na tumbo kuungua huenda ni damu inavuja ndani. Funga kibanda, mwite binti yako, mwende hospitali leo hii. Vidonge hivyo usiviguse tena mpaka daktari aseme, na umweleze yote, hata hicho cha pili. Usione haya.

Na nani alikutuma uache dawa ya presha? Hiyo ndiyo inayokulinda, nawe umeiweka kando ukang'ang'ania isiyo yako! Aspirini huzuia damu isigande ovyo. Mkeo aliandikiwa kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshaugua. Wewe hujaniambia kama umewahi kupata kiharusi wala shambulio la moyo, na kwa mwenye presha ambaye hajapatwa na hayo, mara nyingi hatari ya kuvuja damu huzidi faida. Wa kupima hilo ni daktari. Mkeo alikupa kwa mapenzi, najua, lakini hakukupima.

Unauliza utabaki na nini. Una binti ambaye naye anamlilia mama yake, na wewe unamdanganya kila siku. Mkalishe, mzungumzeni marehemu, mlie, mcheke. Mama ameshamzika. Usimharakishe kumzika na baba.