Ng'ombe Wanaolala Kwetu

Rugera, Karagwe
14 Desemba 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hiyo ni yangu, na nyingine ni ya baba, ingawa hajui kama nakuandikia. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linaanza kuuma kabla mvua haijanyesha, nami nikajiuliza huko Masasi mvua yenyewe mnaipata wapi. Na korosho mmeshauza? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Kikohozi cha mama kimepungua. Mvua zimenyesha vizuri, majani yamefika magotini, ng'ombe wananenepa na sisi tunakonda.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Simu ya hapa ni ya baba, naye unamjua, haongei mpaka aweke sauti kubwa, hata ng'ombe wanapata habari. Haya ninayokuandikia sitaki ayasikie. Akusomee mjukuu wako Adela, tena mkiwa wawili tu.

Begi la magurudumu ulilonitumia lilifika salama. Ni zuri, Shangazi, na rangi umeipatia. Lakini siendi chuo. Nimeliandika haraka neno hilo lisije likanikwama. Wenzangu wameshaanza masomo, mimi niko hapa, na begi liko chini ya kitanda. Mama ameanza kuhifadhi mbegu za maharage humo kwa sababu panya hawawezi kuingia. Sikumkataza.

Nafasi niliipata, tena ya udaktari wa mifugo, ninayoitaka tangu yule ndama wa ng'ombe wetu Bihogo aliponifia mikononi. Kilichokosekana ni mkopo wa serikali. Bila mkopo, mtoto wa Kaijage atalipiwa ada na nani? Hata ukitukamua wote hapa nyumbani pamoja na paka, haitoki.

Sasa sikia ilivyokuwa. Wakati wa kuomba, ilibidi serikali ya kijiji ithibitishe hali ya nyumbani. Mtendaji alikuja mwenyewe jioni, mtu mwema kabisa, akakaribishwa maziwa. Akaitazama nyumba yetu, akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Moyoni nikasema, leo umaskini wetu umetufaa. Ndipo ng'ombe wakarudi kutoka malishoni, wakapita mbele yake mmoja mmoja mpaka zizi likajaa.

"Mzee, hawa wote ni wako?"

Baba akaegemea fimbo yake. "Ni wangu. Kwani unaona wanalala kwa nani?"

Shangazi, wewe na mimi tunajua kwamba katika zizi lile ng'ombe wa baba ni Bihogo na mtamba wake, basi. Wengine wote ni wa Cleophace, yule mwenye duka Nkwenda. Baba anamchungia, sisi tunapata maziwa. Lakini unajua pia babu alivyowalea: ng'ombe hakanwi mbele ya macho yake, aliyekanwa hukata maziwa. Hata ungemwekea baba panga shingoni, asingesema si wangu huku wanamtazama. Mimi nilifungua mdomo, mama akanifinya. Binti hamsahihishi baba yake mbele ya mgeni. Mtendaji akaandika alichoambiwa. Angeandika nini kingine?

Majibu yalipotoka, jina langu halikuwemo. Nilipofuatilia nikaambiwa kaya yetu ina mifugo mingi, waje kwanza wasio na kitu. Nilisimama pale na kandambili zangu zilizoungwa kwa waya, nikiwa tajiri.

Nilipomweleza baba hakubisha. Alivaa koti lake la kanisani, akachukua samli, akapanda bodaboda mpaka Nkwenda kumwomba Cleophace aandike kwamba ng'ombe ni wake, ili nikate rufaa. Alipokewa vizuri, akapewa soda na nyama. Halafu Cleophace akacheka, akamwambia, "Kaijage, si ulisema mwenyewe ni wako? Mimi ni nani nikupinge?" Siku chache baadaye ndipo tulipojua kwamba mwanawe, niliyesoma naye darasa moja, amepata mkopo. Mtu akienda kwao hatakuta hata mbuzi. Ng'ombe wao wote wanalala kwetu. Siku hiyo nilicheka, Shangazi, nikacheka mpaka mama akaogopa.

Usiniambie niombe tena mwakani. Nimeligeuza jambo hilo kila upande. Ng'ombe wakibaki, mtendaji atawakuta palepale. Wakichukuliwa, wadogo zangu watakunywa nini, na tutauza nini tupate sabuni na chumvi? Mwalimu wangu ananiambia nisikate tamaa. Yeye ana mshahara.

Nakuomba kitu kimoja tu: usimpigie baba kumgombeza. Naujua ulimi wako, na najua anakuogopa wewe kuliko anavyomwogopa paroko. Mwache. Nilikuwa na hasira naye, sikufichi, kuna siku nilimpa uji bila kumtazama usoni. Lakini juzi hasira hiyo ilikwisha, nami natamani isingekwisha kwa namna ile.

Tulikuwa zizini wakati wa kukamua. Akapita mtu anayetafuta dume la kununua, akasimama kuwasifia ng'ombe, na kweli wanasifika. "Mzee, wa nani hawa?" Baba alikuwa ameshika kamba ya Bihogo. Akamtazama Bihogo, akanitazama na mimi, kisha akasema taratibu, "Si wangu. Mimi nachunga tu."

Hata Bihogo hakumtoa katika hao wasio wake. Bihogo, Shangazi, aliyezaliwa na ng'ombe aliyeachiwa na babu. Miezi yote hii nilitamani kusikia neno hilo kinywani mwake, na lilipotoka nilitaka kumziba mdomo. Yule mtu akaenda zake. Hakuwa na karatasi wala kalamu, alikuwa mpita njia tu.

Tukakamua. Bihogo akatoa maziwa yaleyale ya kila siku, ekyanzi, kile chombo chetu cha mti, kikajaa mpaka shingoni. Baba alikaa akilitazama lile povu kwa muda mrefu. Nikamkaribisha anywe, akakataa. Nadhani ingekuwa nafuu kwake kama Bihogo angekata maziwa kama babu alivyosema. Usiku nililia, na kwa mara ya kwanza sikuwa nikililia chuo.

Nisalimie dada Costansia na mapacha wake, na Adela nampa pole kwa kunisomea mwandiko huu. Mama anakusalimu sana. Wadogo zangu wanauliza kama kweli huko kuna nyani wanaoiba korosho. Mungu akunyooshee goti, akupe usingizi mwema, na asiache nyumba yako ilale njaa.

Begi, Adela akija kufaulu, usimnunulie jingine. Niambie tu, nitazihamishia mbegu kwenye gunia, nilifute, nilitume.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda palepale nilipo,

Ninsiima wa Kaijage