Mbuzi wa Maziwa wa Mikelenge

Mgeta, Morogoro

Mdogo wangu Mwamini,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Huku milimani tu wazima. Baridi inatuuma magoti, mimi na wifi yako, lakini tunakula na tunalala. Niambie hali yako, na zaidi hali ya mjukuu wetu. Je, mashavu yamerudi kidogo? Uliponiambia kwenye simu kwamba tangu mama yake afariki amekonda hata ameacha kutembea, sikumaliza chakula changu.

Simu ilikatika kabla hatujaelewana, ndiyo maana nimekaa kuandika. Unanijua, nikianza kueleza jambo siachi katikati. Wanafunzi wangu pale Kasuku, nilipokuwa mwalimu huko kwetu Kindu, walikuwa wakisinzia nami naendelea. Wewe usisinzie.

Ulisema hivi, ukiniita Yaya, yaani kaka, kama zamani: "Yaya, hizi mbuzi haina maziwa. Kila asubui nakamua, inatoka ya kulowesha kidole tu. Jirani njo ananicheka: 'Mama, mbuzi iko ya kuolea bibi. Weye unataka kunywa mahari ya watu?'"

Mwambie jirani huyo kwamba kaka yako hunywa chai ya maziwa ya mbuzi kila siku, na bado hajaota pembe.

Mbuzi wako hawajakauka. Nilikuuliza watoto wao wanalala wapi, ukajibu wanalala na mama zao, kwa sababu ukiwatenga wanalia usiku kucha. Huko ndiko maziwa yanakokwenda. Kibuzi kilicholala na mama yake hunyonya mpaka alfajiri, na wewe ukifika na kopo lako, chuchu ni tupu. Tena mbuzi wa kwetu, hata hao uliowatoa kijijini Tunda, ni wadogo. Wana maziwa ya mtoto wao na kikombe cha mtoto wako, basi. Lakini kikombe hicho kipo. Wafugaji wa huku hutenga watoto jioni, wakakamua asubuhi. Mimi pia hufanya hivyo. Wewe sikukwambia ufanye hivyo, na sababu unaijua.

Sijasahau wakati wa vita, tulipojificha kwenye shamba la mihogo la mama, watu wengi tumelala kifudifudi, na wale wenye bunduki wakipita njiani mchana, karibu kiasi kwamba tuliwasikia wakibishana juu ya chumvi. Mama alikuwa amekimbia na mbuzi wake. Kibuzi kikaanza kulia. Watu wote wakatugeukia. Wewe, kitinda mimba wetu, ambaye hata kuolewa ulikuwa bado, ndiye uliyekibana mdomo ukakilalia. Wale watu walipokwisha kupita uliinuka, chenyewe hakikuinuka. Tangu siku hiyo hujala nyama ya mbuzi, na hakuna mtu nyumbani aliyekulazimisha.

Basi juzi, ulipokuwa ukizungumza, nilisikia kibuzi kikilia nyuma ya sauti yako, na kabla sijajijua nikapaza sauti: "Kinyamazishe!" Wifi yako aliacha kupeta mchele akaniangalia. Ninaishi katika mlima ambako hapiti mtu na bunduki, na bado nilipaza sauti. Kwa hiyo usidhani nakuona mwoga.

Sasa sikiliza njia nyingine. Watoto wa mbuzi usiwatenge usiku, watenge mchana. Asubuhi waache wanyonye, kisha watoto uwaingize kwenye kizimba cha miti, na mama zao uwafunge mbali kidogo kwenye majani. Mchana mtaa wenu wa Mikelenge hauna kimya. Kuna pikipiki, kuna mashine ya kusaga, kuna watoto wa shule. Kibuzi kikilia, nani atageuka? Kabla jua halijazama, mwache kila mtoto wa mbuzi anyonye chuchu moja, nawe kamua ya pili. Kisha walale na mama zao, kimya. Watoto wao wameshaanza kutafuna majani, kwa hiyo hawatadhurika. Maziwa yachemshe mpaka yapande ndipo umpe mtoto. Usimpe mabichi, hata wakisema mabichi yana nguvu. Majani ya muhogo nayo yanyauke juani kwanza kabla ya kuwapa mbuzi, maana mabichi yanaweza kuwaua. Na ule udongo uliozibia kuta zote ili mbuzi wasionekane, uache upande wa barabara, lakini upande wa jikoni ubomoe kwa juu. Mbuzi akivuta hewa ya mkojo wake mwenyewe usiku kucha, ataanza kukohoa.

Lakini haya ya banda yangeweza kungoja siku ya simu nzuri. Lililonifanya nitafute karatasi ni lile neno lako la mwisho. Ulisema ukicheka: "Hii mara hawatabeba kitu, Yaya. Niko nalala mule ndani ya banda, na mupanga."

Sikucheka. Nilikuuliza ni akina nani wanaokuja. Ukasema, "Sijui. Watu wanasema tu." Kisha simu ikakatika.

Nami huku nasikia. Kila jioni redio inataja mahali pengine palipotekwa na wenye bunduki, karibu zaidi na kwenu. Kama watafika Kindu, sijui, na anayekwambia anajua anakudanganya. Naogopa, Mwamini. Nakuona umeketi gizani kati ya mbuzi wawili, na mtoto peke yake ndani ya nyumba.

Toka humo bandani. Lala nyumbani, karibu na mtoto. Mtu akigonga, usimuulize ni wa upande gani. Mfunge mtoto mgongoni kwanza, ndipo ufungue mlango. Wape mbuzi wote, pamoja na kamba zao. Wakikucheka, waache wacheke. Mbuzi wengine nitakutafutia mimi. Mlezi mwingine wa huyo mtoto sina pa kumtafuta.

Nisalimie shangazi yetu wa Kasuku, na umwambie asiache dawa ya macho. Nisalimie pia huyo jirani mcheshi, na siku maziwa yakizidi umkaribishe chai. Wifi yako anasema anakuombea, naye hasemi hivyo kwa mazoea.

Panga lirudishe shambani.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Shabani