Cheti cha Mashua ya Raphaeli

Jumatatu, 3 Oktoba 1938
Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kafika Ivuna na karani wake, Danford. Wanaikagua mashua kwa mbali, wasichafue viatu. Na hawa ndio wa kunipimia kazi!

Iliundwa Karonga, ng'ambo ya mpaka, ikaletwa huku vipande vipande, imeoza. Nimeitengeneza miezi minane. Bila cheti cha Tanganyika haiingii ziwani, na chumvi ya shemeji Raphaeli itanyeshewa kabla haijavuka. Sheria yao: zaidi ya nusu ya mbao ziwe za hapa. Ni karibu zote. Wanataka kuziona zile kuukuu nilizozing'oa, wahesabu.

Jumanne, 4 Oktoba
Kuukuu ziko wapi? Zilichemshia chumvi! Tabita, mke wangu, na wifi yake walizimaliza chini ya vyungu. Mimi mwenyewe niliwaambia wachukue — kuni kavu uani, nani aende porini?

Danford: basi hakuna ushahidi. Nikamwonyesha mninga mpya, mti wa hapa hapa, alama za tezo bado zinaonekana. Akaandika "mbao nyekundu". Miaka yote ile shuleni, mbao nyekundu!

Jumatano, 5 Oktoba
Wamekubali fundi aape. Nikavua kofia, nikataja jina langu, Anyelwisye. Umezaliwa wapi? Karonga. Wakatazamana.

Eti mgeni hawezi kuapia chombo cha kigeni, ni kama anatetea cha kwao. Cha kwao! Nimeoa hapa, nimezika mtoto hapa, kodi nalipa hapa. Wakati wa kodi hawakuniuliza nimezaliwa wapi. Nimeumia, nisijidanganye.

Alhamisi, 6 Oktoba
Mawingu tangu alfajiri. Raphaeli kaja na mdogo wake, Kasiani.

"Huyu ni wa hapa, shemeji. Tuseme yeye ndiye fundi, aweke dole gumba. Chonde, chumvi itakwisha."

Kasiani! Hajui hata tezo ina makali upande gani. Miezi minane alikuwa anakuja kulala kwenye kivuli cha mashua.

Danford karidhia upesi — mwoga yule — ila hataki mwandiko wake uonekane. Cheti niandike mimi, kisha Bwana Shauri atie sahihi kabla hajaondoka. Nimejaza urefu, upana, tanga. Imebaki nafasi ya jina la fundi. Raphaeli ni kaka wa mke wangu, simkatalii hivi hivi. Tabita amekaa kizingitini. Kasiani nje anacheka, kidole kimeshapakwa wino.

Nimeandika herufi moja. Ni A, si K.

Raphaeli anagonga tena dirishani.