Kipaza Sauti cha Kigwa

Jumanne, 24 Juni 1975

Eda siku ya themanini na tisa. Shemeji Abasi kaja asubuhi na mkokoteni. Eti achukue benchi la marehemu kaka yake, koleo zake, bisibisi zake, vyote. Mwanamke aliye edani ana kazi gani na redio? Nikamjibu nyuma ya pazia: benchi nimeshalivuta chumbani kwangu, aingie alitoe akithubutu. Ataingiaje chumba cha mjane? Mkokoteni ukarudi mtupu.

Miaka tisa nimekaa ubavuni kwa mume wangu Lukumani. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, nyaya nyembamba nikawa naunga mimi, wateja wanamshukuru yeye. Sikujali. Sasa najali.

Ijumaa, 27 Juni

Jilala kashuka na treni. Ni katibu wa kijiji cha Kigwa. Kipaza sauti chao kiko hapa tangu Lukumani yu hai, kimeungwa nusu. Wanakitaka kwa mkutano wa Saba Saba, watakiendesha kwa jenereta ya mashine ya kusaga. Abasi mbio mbio: nitakimalizia mimi. Nikapaza sauti kutoka ndani: nitakimalizia mimi. Jilala akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema kijiji kinataka kusikia, hakiulizi mkono wa nani.

Mama mkwe, Bi Kuluthumu, ndiye kakata shauri. Alishamuuliza shehe, kazi ya ndani ya nyumba haivunji eda. Basi: kikisema kufikia Jumamosi ya wiki ijayo, benchi langu. Kikinyamaza, kila kitu kwa Abasi. Abasi kakubali upesi mno. Sijapenda.

Jumapili, 29 Juni

Kazi yote iko kwenye transfoma. Nyaya sita, jozi tatu. Jozi moja inapokea umeme wa ukutani. Ya pili inatoa moto mkali. Ya tatu inatoa moto mdogo wa kuwasha valvu, zile taa za vioo zinazokuza sauti. Ukikosea, ukapeleka moto mkali kwenye jozi ya valvu — zimekufa papo hapo. Na nyingine hakuna. Mama mkwe kauliza kwa Abdulrasul dukani, anasema hata yeye anazingojea tangu Januari.

Waya wa rangi umeadimika, kwa hiyo zote nyeusi. Mimi na Lukumani tulizifunga nyuzi za cherehani: nyekundu, nyeupe, kijani. Nisingepotea hata gizani.

Jumatano, 2 Julai

Nimelia, halafu nimetukana. Mungu anisamehe matusi, machozi sijui.

Nimekwenda kuoga. Abasi kamwomba mama yake amtolee kipaza sauti barazani, akitazame tu. Mama naye akamtolea! Nimerudi nakuta nyuzi zote zimekatwa, ziko chini kama takataka za fundi cherehani. Eti: nimekusafishia, shemeji, uzi wa nguo ndani ya chombo cha umeme ni uchafu.

Nikamuuliza, haya, waya upi ni upi? Akasema umeme ni umeme. Mtu kazi yake kusukuma mabehewa stesheni. Kama ni hila au ujinga sijui, na sitaki kujua. Mama mkwe hanitazami usoni. Uji wa jioni kaniletea mwenyewe, kaongeza sukari.

Benchi sitoi. Ng'o.

Alhamisi, 3 Julai

Betri ya tochi, balbu ya tochi, subira. Nimegusa waya mmoja mmoja na mwenzake. Balbu ikiwaka, hata kidogo tu, hao ni jozi. Jozi tatu nimezipata kabla ya adhuhuri.

Ipi ni ipi? Lukumani alinifundisha: mwanga utakuambia. Jozi ya valvu ni fupi na nene ndani, balbu inawaka kweli kweli. Ya ukutani, mwanga hafifu. Ya moto mkali, balbu karibu haiwaki. Nimerudia mara nne. Mara nne jibu lile lile. Nimechomea nyaya kwa risasi ya kuungia, mkono umetulia. Nimefunga nyuzi upya — zote nyekundu safari hii, kwa ukaidi tu, nikatofautisha kwa mafundo.

Jumamosi, 5 Julai

Kimesema!

Naandika huku wanabishana barazani. Asubuhi hii Jilala kaja kukichukua. Tumekiweka mlangoni, spika nje, maikrofoni kwangu ndani maana lazima mtu ajaribu. Valvu zikawaka taratibu. Halafu namsikia Abasi: unaona, katibu, nimeshinda nacho wiki nzima.

Damu ikanichemka. Nikashika maikrofoni. Nikasema: mimi Zamda binti Ramadhani, niko edani, kipaza sauti hiki nimekiunga mimi. Sauti ikaenda mpaka sokoni. Wapita njia wakasimama. Mama mkwe akakaa chini.

Jilala akasema basi huyo ndiye ninayemtaka Jumatatu, akiunge kwenye jenereta. Abasi haraka: yuko edani, haendi popote, nitakwenda mimi. Na ni kweli siwezi kwenda. Hapo kanipata. Jilala kasema haya, twende wewe.

Wamekipakia mkokotenini. Ila waya wa ukutani nimeuchomoa, nimeuvuta ndani, uko mapajani kwangu; bila huo hata jenereta haikiwashi. Nimewaambia: Abasi atamke kwanza, kwa mdomo wake, mbele ya katibu na hao waliosimama njiani, nani kakiunga.

Barazani bado wanabishana. Treni inaondoka saa nane. Mama mkwe kapitisha mkono chini ya pazia, kiganja wazi, ananiomba waya. Sijautoa.