Sumaku Isiyovuta

Jumatatu, 3 Juni
Kakao iliyoanikwa nimeigeuza mara mbili. Mama bado hawezi kuinama, nyonga haijapona. Nimekaa kibarazani na laptop, napitia mahesabu yangu ya tasnifu. Tabaka la fuwele, jembamba kiasi cha atomi chache tu. Miaka miwili nasema ni sumaku.

Jumatano, 5 Juni
Maabara ya ng'ambo imelipima tabaka langu. Si sumaku. Kipimo hakikusogea hata kidogo. Profesa wangu amepiga simu kutoka Dar, akaongea kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Anataka sura ya tabaka hilo niitoe kwenye tasnifu. Nina hasira. Naogopa pia.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepepeta mpunga tu.

Jumamosi, 8 Juni
Kosa nimeliona, makapi ya mpunga bado nyweleni. Kwenye hesabu nililazimisha sumaku ya kila atomi ielekee upande mmoja na ya jirani yake. Lakini elektroni hizi zinasukumana mno. Kila moja inang'ang'ania atomi yake, na majirani wa hivyo hupenda kupishana: huyu akielekea juu, yule chini. Ukipima kutoka nje, zinafutana. Sumaku ipo! Wao walipima jumla, na jumla ni sifuri. Nikaanza kutuma hesabu mpya kwenye kompyuta ya chuo, mtandao ukakata. Bodaboda hadi Kyela mjini.

Jumatatu, 10 Juni
Majibu yametoka. Mpangilio wa kupishana una nishati ndogo zaidi. Ndio imara. Nimemwandikia Profesa kwamba sura siitoi. Wapime kwa leza: mwanga unaorudi utabadilika hata jumla ikiwa sifuri, na tabaka likipashwa joto badiliko litatoweka. Akajibu: "Ukikosea safari hii, sitaweza kukutetea."
Nikaandika: "Waombe wapime."

Jumanne, 25 Juni
Maabara bado haijajibu. Mama kauliza mbona sili. Nikamweleza habari za elektroni kwa Kinyakyusa, karibu nusu saa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi hao waliangalia vibaya."
Nilimpenda sana.

Ijumaa, 28 Juni
IPO. Mwanga umebadilika. Wakapasha joto, badiliko likatoweka. Wakapoza, likarudi. Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani kafa. Mama akasema "Ndaga, Kyala", asante Mungu, na kuanza kulia. Jioni Profesa akapiga. "Subilaga, nilikosea mimi."
Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Jumapili, 30 Juni
Ibada kanisani Bujonde. Mama kamwambia mchungaji kuwa binti yake ameona kitu kisichoonekana. Mchungaji akadhani ni maono, akaniombea. Sikumsahihisha. Mchana wali na mbasa, samaki wa ziwani. Nikala sahani mbili, nikalala.