Rekodi Iliyokuwa Mfukoni Mwako

Kaka yangu Katana,

Mama bado anakusikiliza kila Jumapili akitoka kanisani. Anaketi jikoni na simu yako yenye kioo kilichopasuka, anafungulia wimbo wa tatu, na ukianza kumfunika mwimbaji kwa sauti yako ya chura, anacheka mpaka anafuta macho kwa leso. "Huyu mtoto," husema, "na kelele zake za mabati."

Unakumbuka tulivyofika pale uwanjani Changamwe? Bendi ya roki, tena bure, jukwaa lenyewe trela la lori lililoegeshwa nyuma ya goli. Majirani walikuja kutazama vichaa. Ulivaa shati jeusi juani, simu ukaitia mfuko wa kifuani ikirekodi. "Nyamaza bwana, waniharibia rekodi!" Nikakuzomea makusudi. Humo ndani nakusikia ukinisonya.

Wapenzi wa roki wananiandikia wakiiomba, maana hakuna mwingine aliyeinasa siku ile. Nimewapa. Mama pia nimemwekea. Lakini niliyowapa wote nimeikata, inaishia wimbo wa sita.

Kinachofuata unakijua. Mtu alinipokonya simu yangu akachomoka, nawe ukamfukuza. Nikapiga ukelele: "Mwizi! Mwizi huyo!" Watu wakageuka, wakaona wawili wanakimbia, wakamdaka wa nyuma.

Nimeisikiliza nzima mara moja tu. Jiwe la kwanza lakupata mgongoni, pumzi inakutoka. Kisha ubao, na mfupa unaovunjika. "Si mimi, jamani! Muulizeni dada yangu!" Mtu anajibu, "Wote husema hivyo," na ubao unashuka tena. Gitaa linaendelea. Nami kwa mbali nasikika bado napiga ukelele uleule, kwa kuwa sikuona ni nani aliyelala chini. Nilipofika meno yako yalikuwa mchangani.

Yule wa "wote husema hivyo" alikuja matangani, akala wali wetu. Nilimjua kwa sauti. Nilitamani kumvunja mikono yote miwili, na mpaka leo natamani. Ila yeye alipiga aliyeonyeshwa, na aliyeonyesha ni mimi.

Mama hajui. Kila mara anamlaani aliyepiga ukelele. "Ulimi wake ukauke," husema, kisha ananipakulia mimi chakula.

Jumapili iliyopita aliniuliza, "Mwanangu, mbona hii yakatika? Katana hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu." Nikasema simu ni mbovu. Wiki nzima sijalala.

Leo nimeirudisha ile nzima. Namsikia mlangoni, anavua viatu vyake vya kanisani. Wimbo wa tatu nitamwacha acheke kwanza.

Pumzika, kaka. Nisamehe wewe, maana yeye sijui.

Ni mimi dada yako, niliyepiga ukelele.