Nuru Niliyomuuzia Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemfungia Mjomba kadi mpya ya grafiki, ile inayochora picha za kompyuta. Mjomba ni fundi saa, na sebule ndiyo karakana yake: meza chini ya dirisha, taa ya shingo ndefu, saa za watu zimelala ndani ya vifuniko vya chupa, kila moja na kikaratasi chake. Pembeni, kompyuta. Kila alasiri akimaliza kazi anaendesha lori. Lori la kwenye gemu, la matairi kumi na nane, milimani, mvua inanyesha. Honi anapiga kwa mdomo! Mkaza mjomba anasema afadhali lori kuliko mke wa pili.

Kadi nimemuuzia mimi mwenyewe, kwenye duka la kompyuta ninakofanya kazi. Wiki nzima nilikuwa naipigia debe kwake. Ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Lakini hii ina kitu ambacho kampuni nyingine hazina. Kwenye boksi kina jina refu la mbwembwe, mimi kwa wateja nakiita "nuru hai". Taa zinaakisi kwenye maji ya barabarani kama kweli. Nilimwambia ataona hadi sura yake kwenye dimbwi!

Nikawasha kompyuta. Akaendesha. Kona ya kwanza, ya pili. Akasogea karibu na kioo. Jirani yake, fundi cherehani, kasimama mlangoni anatazama.

— Mbona naona vilevile?

Nikacheka. Nikasema, Mjomba, basi hayo ni macho, kadi haina kosa. Umri nao!

Fundi cherehani alicheka mpaka akashika mlango. Mkaza mjomba naye. Mjomba akacheka pia, halafu akavua miwani, akaipangusa kwa shati. Mara mbili.

Nimerudi nyumbani na furaha zangu.

Jumatano, 5 Machi

Sijui nianzie wapi.

Waya ni fundi wetu dukani, mwembamba, ndiyo maana ya jina. Alinisikia namhubiria mteja habari za nuru hai. Mteja alipoondoka akaniuliza, hivi wewe mwenyewe unaiona? Nikamwambia naiona kama ninavyokuona wewe.

— Haya, tazama ukutani.

Kompyuta moja, gemu moja, barabara ileile. Nikiwa nimempa mgongo, yeye anaiwasha au anaizima. Nageuka, naendesha kidogo, nasema ipo au haipo. Mara sita.

Nimepata mbili.

Mbili! Mtu akibahatisha tu anaweza kupata tatu.

Nilitaka acheke ili tugombane yaishe. Hakucheka. Akanionyesha taratibu, kama mwalimu: simamisha lori kando ya dimbwi. Tazama taa ya nguzo ndani ya maji. Sasa inamisha kamera ya gemu. Bila nuru hai, ile taa inafutika majini. Ukiwasha, inabaki, inatetemeka na matone. Kweli ipo. Tena nzuri!

— Lakini nani anasimamisha lori atazame dimbwi? Gari likishatembea, wewe macho yako barabarani.

Halafu akauliza, bila ubaya wowote: kwa mjomba wako uliiwasha kule kwenye mipangilio? Maana haijiwashi yenyewe.

Sikumbuki kama niliiwasha.

Hapana. Nakumbuka. Sikuiwasha.

Kwa hiyo Mjomba aliona vilevile kwa sababu ilikuwa vilevile. Na mimi nikamcheka mbele za watu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda kusema. Njiani nilishapanga: Mjomba, nimekosea, macho yako hayana shida, mwenye shida ni mimi. Sentensi moja tu. Nilikuwa naisema kwa sauti, mwanamke mmoja kituoni akasogea pembeni.

Mkaza mjomba alinipokea uani, anaanika nguo. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mjomba wako siku hizi hapokei saa ndogo. Saa za kike anazirudisha. Juzi kamrudishia mkunga saa yake ya kifua, ya miaka na miaka, akamwambia aipeleke kwa fundi wa sokoni mwenye macho mapya. Anasema hataki kuharibu mali za watu kwa kupapasa.

— Umesikia jambo hilo? Yule ambaye alikuwa anashika skrubu kama punje ya mchanga!

Nikaingia ndani. Kabla sijafungua mdomo, Mjomba akanikaribisha kwa kelele.

— Bi Mtaalamu! Ile nuru yako nimeiona. Tangu juzi naiona vizuri. Imetulia kwenye maji, imekaa kabisa.

Alikuwa ananitazama usoni. Kioo alikipa kisogo.

Alipokwenda kumfungulia mteja mlango nikaingia kwenye mipangilio. Imezimwa. Haijawahi kuwashwa hata siku moja.

Hajaona kitu. Anasema ameona ili nisimwone kipofu. Na ametafuta maneno mazuri: imetulia, imekaa. Ameyatunga peke yake, alasiri moja, akiwa na lori lake.

Nilifanya nini? Nikaiwasha. Kimyakimya, kama mwizi anayerudisha alichoiba ili aonekane hakuiba. Aliporudi nikasema, unaona, nilikuambia. Tukanywa chai. Alinisindikiza hadi barabarani.

Sentensi moja! Ilinishinda.

Jumapili, 9 Machi

Sikutoka. Nimefua hata mapazia.

Jumanne, 11 Machi

Mteja leo, mwalimu wa hesabu, mstaarabu, kaja na daftari la maswali. Swali la kwanza: tofauti inaonekana kweli, au ni maneno ya biashara?

Hapa ndipo ningeweza kuanza kuwa mtu. Ningesema: ukisimama, ndiyo, ukiendesha, hapana, kadi yako ya sasa bado inatosha. Waya alikuwa nyuma yangu na bisibisi mdomoni. Bosi yuko kwenye kiti chake karibu na feni.

— Inaonekana sana, mwalimu. Labda mtu awe na matatizo ya macho.

Ilitoka yenyewe. Sentensi ileile niliyomcheka nayo Mjomba! Ulimi umeshaizoea, hauniulizi tena. Mwalimu akaandika kwenye daftari lake. Bosi akaitikia kwa kichwa. Waya akatoa bisibisi mdomoni, akaenda kukaa stoo.

Baadaye nilimfuata nimweleze. Akasema, usinieleze mimi, mimi macho ninayo.

Alhamisi, 13 Machi

Mkaza mjomba amepiga simu wakati nafungua duka. Kesho asubuhi Mjomba anakwenda kwa daktari wa macho. Na kesho hiyohiyo fundi wa sokoni anakuja kuchukua sanduku la vifaa vidogo. Vibano, lenzi ya jicho, bisibisi za shaba alizoachiwa na aliyemfundisha kazi. Hauzi. Anagawa! Kasema vifaa visikae vinaota kutu kwa mtu asiyeona.

Nikamuuliza, nani kamwambia haoni?

Akajibu mkaza mjomba, kwa upole, bila hata kunilaumu:

— Si ulisema wewe, mwanangu? Anakuamini. Anasema wewe unashinda na mavioo hayo, unajua.

Nikamwambia nitampeleka mimi hospitali. Akanishukuru. Amenishukuru! Akaniombea na dua.

Nimeomba ruhusa kwa Bosi. Nitasema kesho njiani, kabla hatujafika.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika kwenye korido ya kliniki, kwenye benchi, daftari juu ya goti.

Njiani sikusema. Alikuwa amevaa shati la harusini, lile lililopigwa pasi likasimama. Alisoma mabango yote ya barabarani kwa sauti, hata ya mbali, hata namba za simu za mafundi bomba. Nikafikiri sasa nitasema, bango linalofuata. Kisha lile lingine. Tukafika.

Daktari ni mama wa makamo, hana haraka. Akampa ubao wa herufi. Mjomba akashuka mstari kwa mstari mpaka ule wa chini kabisa, ambao mimi kwenye kiti changu sikuusoma. Akamulikwa, akatiwa matone, akatazama juu, chini. Daktari akasema miwani ni sahihi, mishipa ya macho salama, kwa umri wake anamwonea wivu.

Nilidhani Mungu amenisamehe bila mimi kuomba! Nikaanza kuchukua mkoba.

Mjomba hakufurahi. Akasema kwa heshima:

— Daktari, angalia tena. Kuna kitu wenzangu wote wanakiona, mimi sikioni. Nilidanganya nyumbani kwamba nakiona.

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza ni kitu gani.

— Nuru fulani, kwenye maji. Huyu ni mpwa wangu, ndiyo kazi yake. Mweleze daktari, mwanangu, mimi sitapata maneno.

Wakanigeukia wote wawili. Mjomba na macho yake yamelowa matone, mboni zimetanuka, ananitazama kama mtoto anayesubiri kusemewa.

Nikasema naomba niende msalani.

Sikwenda msalani. Niko hapa. Mlango haukufunga vizuri, namsikia. Anamweleza daktari jinsi taa ya nguzo inavyotakiwa kukaa ndani ya dimbwi. Anaeleza vizuri kuliko mimi! Daktari anamuuliza, na kama huyo binti amekosea? Mjomba anacheka kidogo. Anasema hapana, huyo hawezi kuniambia jambo asilolijua.

Simu. Ujumbe wa mkaza mjomba: fundi ameshafika, kakaa, nimpe sanduku?

Nimeandika: Subiri.

Anauliza: nisubiri nini?

Sijamjibu. Vidole viko juu ya herufi, haviendi. Naandika humu badala ya kuandika kule. Hata sasa hivi nimechagua daftari, ambalo haliwezi kunitazama.

Viti vinaburutwa. Wamemaliza. Daktari anatoa maelezo ya mwisho, nadhani anasema arudi baada ya miezi sita.

Anatoka. Miwani ameiweka mfukoni. Mkono mmoja uko mbele, mwingine unapapasa ukuta. Macho mazima, daktari ameyasifia, na anapapasa ukuta! Anauliza niko upande gani. Niko hatua tatu mbele yake, nimevaa njano, na simu inalia, mkaza mjomba, nami bado naandika —